Rapia mkiwa wawili tu: Giganti, Capoferro, Fabris au Wahispania? Tulinganishe

Ala_Tupu (Hamburg)

Wakuu, salaam.

Niende moja kwa moja kwenye hoja. Klabu yetu hapa Hamburg imejaa watu wa upanga wa mikono miwili, ule wa Kijerumani. Wa rapia, ule upanga mrefu mwembamba wa kuchomea, tumebaki wawili, mimi na jamaa yangu wa Lubumbashi. Aliyekuwa anatufundisha kahama mji. Ukumbi tunao, muda tunao, mwalimu hatuna. Tumebaki na vitabu vya miaka ya 1600 vyenye picha za wanaume walio uchi wakichomana macho bila hata kukunja uso.

Tumekuwa tunadokoa huku na kule, leo ukurasa wa huyu, kesho wa yule, na hatusogei. Tunataka kushika njia moja na kukaa nayo. Walio mezani ni hawa: Nicoletto Giganti, kitabu chake kilitoka Venice mwaka 1606. Salvator Fabris, mwaka huohuo, ila Copenhagen. Ridolfo Capoferro, Siena, 1610. Halafu Wahispania na elimu yao ya duara, yaani Carranza na Pacheco de Narváez aliyekuja baada yake. Vingi vinapatikana bure kwenye Wiktenauer, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya upanga, baadhi pamoja na tafsiri, kwa hiyo bei ya kitabu si kigezo.

Swali la pili ni la mfukoni. Mwenzangu anasema tununue epe, zile panga nyepesi za vitara vya Olimpiki, tuanzie hapo, ni rahisi na salama. Mimi nataka rapia kamili za mazoezi. Tumebishana mpaka kwenye treni.

Mtakaosema "nendeni YouTube", nawashukuru mapema. Huko tumeshatoka.

Dada_Ncha (Padua)

Giganti. Kama mko wawili na hamna mwalimu, mimi sioni mjadala.

Kitabu chake kimepangwa kama masomo. Anakupa hali moja: huyu kasimama hivi, yule kamjia na kuubana upanga wake, huyu kajaribu kutoroka, kachomwa. Kisha hali ileile, jibu jingine. Mkiwa wawili, mmoja anakuwa "huyu" na mwingine "yule", halafu mnabadilishana. Capoferro anakupitisha kwanza kwenye sura za nadharia, umbali ni nini, wakati ni nini, mwili umegawanyika vipi, ndipo mshike upanga. Nadharia nzuri, lakini watu wawili wasio na mwalimu wataishia kuijadili.

Nikupe somo moja mlijaribu wiki hii. Nachukulia wote mnatumia mkono wa kulia.

A anasimama mkao wa tatu, kidole gumba juu, ncha ikimwelekea B usoni. Wako mbali kiasi kwamba hakuna anayemfikia mwenzake bila kusogeza mguu. B anakuja polepole na kuuweka upanga wake juu ya upanga wa A kwa upande wa nje (wa mgongo wa mkono; wa ndani ni wa kifuani), sehemu yake imara iliyo karibu na mpini ikikaa juu ya sehemu dhaifu ya A iliyo karibu na ncha. Hausukumi. Ukisukuma umempa A zawadi, maana akiutoa upanga wake ghafla wako utaanguka pembeni. Unauweka tu mahali ambapo ncha yake haiwezi tena kukufikia kwa njia iliyonyooka. Hapo A hana budi: anapitisha ncha yake chini ya mpini wa B ili aje upande wa ndani.

Na hapo ndipo penyewe. Wakati ncha ya A iko njiani, haichomi mtu. B anageuza kiganja kitazame juu, mkao wa nne, mkono unanyooka kwanza, mguu wa mbele unafuata, anafyatuka. Akifanya sawasawa, upanga wa A unaishia kwenye mpini wa B na ncha ya B iko kifuani kwa A. Hakuna kupangua kwanza na kuchoma baadaye, ni tendo moja.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalisemi. Zoezi hili linakufa au linaishi kwa A, yule anayechomwa. A akipitisha ncha kivivu, akiipeleka hewani kwa sababu anajua atachomwa tu, B hajifunzi kitu. Atazoea kufyatuka kwa mtu asiye hatari, na siku ya kucheza kweli watachomana wote wawili. A lazima apitishe ncha kwa nia ya kumchoma B usoni. B akichelewa, achomwe. Kila mnapofanya zoezi, anayechomwa ndiye mwalimu wa siku hiyo.

Kamanda_Kaskazini (Copenhagen)

Dada Ncha, heshima yako, lakini umemruka Fabris kama dimbwi.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Fabris alizaliwa huko kwenu Padua, akaja huku kumtumikia mfalme Christian IV, na kitabu kikachapwa hapa. Kina michoro karibu 190. Giganti ana 42. Wajerumani walimfuata Fabris kwa vizazi, kwa hiyo Ala_Tupu ukiwa Hamburg unamfuata mtu ambaye wenyeji wako walimjua.

Pili, yeye ndiye pekee kati ya hao watatu aliyekaa chini akaandika kitabu kizima cha pili juu ya kumwendea adui bila kusimama. Wenzake wanakufundisha kuvizia: kaa hapa, ubane upanga, subiri akosee. Fabris anasema unaweza kuanza kutembea ukiwa mbali na usisimame mpaka ncha iingie, mradi kila hatua mpini wako uko mahali pake. Ni hesabu tupu, na ni tamu ukiipata.

Halafu ule mkao wake. Watu wanaucheka, kiwiliwili kimeinama mbele, makalio nyuma, kama mtu anayetafuta funguo chini ya kitanda. Lakini fikirieni: kichwa na mkono viko mbele, tumbo na mapaja yako mbali. Unapunguza eneo la kuchomwa na wakati huohuo ncha yako iko karibu zaidi na adui. Na kichwa kikiwa nyuma ya mpini, mpini mmoja unakilinda chote.

Mchonga_Meno (Dodoma)

Nimesoma mpaka hapa nikitafuta mahali pa kucheka, sijapata. Mnajadili kwa umakini kuliko bunge la bajeti. Endeleeni, nimekaa.

Dada_Ncha (Padua)

@Kamanda_Kaskazini kaka, sijamruka, nimemwogopa kwa niaba yao. Mkao wa Fabris unataka mapaja ya chuma na mgongo wa chini uliozoeshwa. Nimeona watu wazima wakijiinamisha vile bila maandalizi, baada ya mwezi wanatembea wameshika kiuno. Akiwepo mwalimu atakurekebisha: "usikunje mgongo, kunja nyonga." Wakiwa wawili tu, kila mmoja anamwiga mwenzake aliyekosea.

Na hicho kitabu cha pili cha kutembea bila kusimama ni kitamu kwa aliyekwisha kujua umbali. Kwa anayeanza ni njia fupi ya kukimbilia ncha ya mtu.

Kamanda_Kaskazini (Copenhagen)

Hilo la mgongo nakubali nusu. Waanze wima kidogo, wainame kadiri miezi inavyokwenda. Kitabu cha pili nacho kisubiri. Ila sehemu ya kwanza ya maelezo ya Fabris isomwe na kila mtu, hata wa Giganti, kwa sababu anaeleza *kwa nini*. Giganti anasema fanya. Fabris anakuonyesha kinachotokea usipofanya.

Epe254 (Nairobi)

Niaje wadau. Mimi ni wa epe, Nairobi, rapia nimeishika mara chache nikiwa ziarani Ulaya. Naomba niingilie swali la pili, maana hilo la vitabu limeshapata wenyewe.

Kwanza epe isidharauliwe. Alexandra Ndolo alichukua fedha ya dunia Cairo 2022 akiwa na Ujerumani, kisha akahamia Kenya na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza vitara kwenye Olimpiki, Paris 2024. Silaha yake ni epe. Ndiyo iliyobaki karibu zaidi na rapia katika zile tatu za Olimpiki: unachoma mwili wote, kuanzia kidole cha mguu mpaka barakoa, na hakuna kanuni ya nani alianza. Mkichomana pamoja, wote mmepata. Kwa hiyo umbali, subira, kulenga mkono wa mbele, hayo yote epe inafundisha vizuri na kwa bei ambayo haitakufukarisha. Vifaa vya mitumba vipo kila klabu.

Lakini mwenzako wa Lubumbashi asidhani akishika epe amejifunza Giganti. Epe kwa kanuni haizidi gramu 770, na urefu wake wote hauzidi sentimita 110. Rapia ya mazoezi huwa kilo moja na zaidi, bapa peke yake linapita mita. Tofauti inajitokeza pale dada Ncha alipoeleza kuubana upanga. Kwa epe huhisi kitu, panga ni nyepesi mno, mtu anazungusha ncha kwa vidole viwili na keshatoka. Kwa rapia, mtu akikuwekea sehemu imara juu ya sehemu yako dhaifu, unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Ule uzito ndio unaofanya hizo hila za vitabuni ziwe na maana. Ukiziiga kwa epe utaona kama wazee walikuwa wanatudanganya.

Ningekuwa mimi: epe za mitumba miezi miwili mitatu mkizoea kufyatuka na kupima umbali, huku mkiweka akiba ya rapia.

Ala_Tupu (Hamburg)

@Epe254 asante sana mkuu, umetutenganisha bila kumuumiza mtu. Nimemsomea jamaa, ametabasamu pale pa mwanzo na kununa pale pa mwisho.

@Dada_Ncha zoezi tulilijaribu jana. Ulivyosema ndivyo. Tulipokuwa tunapeana nafasi kila kitu kilikuwa kizuri kama picha ya kitabuni. Nilipomwambia "nichome kweli", nikachomwa barakoani mfululizo mpaka akaanza kuona aibu. Sasa swali: tukishalizoea, tunaongeza nini? Maana nikijua atapitisha ncha, najua na lini.

Dada_Ncha (Padua)

Ndiyo maana mnaondoa uhakika kidogokidogo. Hatua inayofuata, A ana uchaguzi: apitishe ncha, au abaki palepale asifanye kitu. Akibaki, B amchome kwenye njia ileile aliyoibana, bila kugeuza kwenda ndani. B akifyatuka kwa mkao wa nne kwenda ndani wakati A hajasogea, anajichomea mwenyewe, na atajua.

Mkiweza hilo, A aanze kupitisha ncha kwa uongo: anaanza, B anafyatuka, A anairudisha ilikotoka na kuukinga upanga wa B huku anamchoma. Hapo B atajifunza kutofyatuka kwa kila kinachotikisika. Halafu hatua ya mwisho, hakuna anayeambiwa nani ni A. Mnaanzia mbali, anayefika kwanza kuubana ndiye B. Tayari mnacheza, ila kwa sentensi moja tu ya mchezo mzima.

Badilishaneni upande mara kwa mara. Na mkiona mmoja anashinda kila mara, msimpe pongezi, muulizeni A anafanya nini.

Duara_la_Lisbon (Lisbon)

Jamani Wahispania wametajwa mwanzoni kisha wakasahauliwa kama mgeni aliyekaa nyuma ya mlango.

Carranza kitabu chake kilitoka 1582, Pacheco wa kwanza 1600 Madrid. Hawa hawafyatuki. Unasimama wima, miguu karibukaribu, mkono umenyooka mbele ya bega, upanga nao umenyooka, sambamba na ardhi. Hoja yao ni ya jiometri: kutoka begani, mkono ukinyooka kwa pembe mraba ndipo unapofika mbali zaidi. Ukiushusha au kuuinua umepoteza urefu. Kisha mnachora duara sakafuni, kila mmoja kasimama ukingoni, na badala ya kwenda mbele kwenye mstari unatembea pembeni kuuzunguka, ukitafuta pembe ambayo upanga wake umekupita na wako umemfikia.

Faida kwa watu wawili: mnahitaji chaki tu. Duara liko sakafuni, kila mtu anaona kama hatua yake imefika au haikufika. Hakuna kubishana. Chumba kikiwa kifupi mnaweza kufanya mengi, wakati Mwitaliano na mfyatuko wake anataka uwanja mrefu. Magoti nayo yatawashukuru.

Hasara, na naipenda njia hii lakini nitaisema: mkono unachoka upesi. Kilo moja na kitu ikiwa imenyooshwa mbele kwa dakika kadhaa si mchezo. Na vitabu vyenyewe ni virefu, Pacheco anaandika kama mtu anayelipwa kwa ukurasa.

Kwa wanaotaka cha Mreno, yupo Godinho, hati yake ni ya 1599, njia ya watu wa kawaida ambayo Carranza na wenzake waliidharau. Humo kuna kukata kwingi kuliko kwa Waitaliano. Huwa namfikiria nikikumbuka Fort Jesus. Wareno waliijenga Mombasa kati ya 1593 na 1596, mchoro wa Mwitaliano Cairati. Askari waliokaa pale ni wa kizazi hichohicho cha Godinho. Sisemi walikuwa wanafunzi wake, nasema panga za namna hii zilikuwa zikivaliwa kiunoni Mombasa wakati wino wa vitabu hivi haujakauka.

Shella_Boy (Lamu)

Duara_la_Lisbon umenigusa. Huku kwetu kirumbizi kingalipo, wakati wa Maulidi na harusini, watu wawili na fimbo zao, ngoma na zumari. Si kuchoma, ni kupiga na kukinga, na mchezaji mzuri unamjua kwa miguu kabla hajainua fimbo. Mjomba wangu akiona hizo video zenu za rapia huuliza swali moja tu: mbona hawatabasamu?

Swali langu: fimbo haziwezi kuwasaidia hawa ndugu wa Hamburg kabla hawajanunua chuma?

Babu_wa_Toronto (Toronto)

Shella_Boy mwanangu, kwa kupima umbali na hatua, ndiyo. Kwa kuchoma, hapana kabisa. Fimbo haipindi. Upanga wa mazoezi ukigusa kifua bapa linajikunja na kumeza nguvu. Fimbo inaipeleka nguvu yote mbavuni, na ncha ya mbao ikivunjika inakuwa mkuki.

Hapo naomba mnisikilize wote, kwa sababu mmeongea vitabu kurasa nzima na hakuna aliyetaja koo. Mwaka 1982 kwenye mashindano ya dunia Rome, Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa 1980, alichomwa baada ya bapa la mpinzani wake kuvunjika na kupenya barakoa. Alifariki. Barakoa na bapa za leo ni imara zaidi kwa sababu ya siku ile. Na hao walikuwa na waamuzi, madaktari na silaha nyepesi. Nyinyi mko wawili ukumbini.

Kwa hiyo: barakoa ya waya iliyo nzima, isiyo na kutu wala kubonyea, na kinga ya kisogo. Kikinga koo kigumu chini ya kile kitambaa cha barakoa kinachofunika koo, si badala yake. Jaketi la nyutoni 350 (kipimo cha nguvu ambayo kitambaa kinahimili) ndiyo mwanzo, na 800 ni bora mkianza kucheza kwa nguvu. Glavu ifunike mkono wa jaketi, isiache mwanya ambao ncha inaweza kuingia. Kofia ya mpira kwenye ncha, ifungwe kwa utepe wa rangi kali ili ikidondoka mwone. Kabla ya kila mazoezi pitisheni kitambaa kwenye bapa: kikinasa, kuna kijimeno cha chuma, kisuguliwe. Bapa lililojikunja kwa pembe kali badala ya upinde litupwe. Na barakoa ivaliwe hata mkifanya polepole. Hasa mkifanya polepole, maana ndipo watu wanaposogea karibu kuelezana.

Nikirudi kwenye ulinganisho, mimi ni wa Capoferro na sijaona aliyemtetea. Dada Ncha kasema nadharia nyingi. Ndiyo, lakini yeye ndiye anayekupa kipimo cha upanga wenyewe: mara mbili ya urefu wa mkono wako, au kutoka kwenye nyayo mpaka kwapani. Anakupa umbali mpana, umbali finyu, na kipi kifanyike wapi. Na anakuambia waziwazi kwamba vitisho vya uongo havimvutii sana, maana ukitisha ukiwa mbali hakuna anayeshtuka, na ukiwa karibu ulipaswa kuchoma. Mtu wa namna hiyo unaweza kukaa naye miaka.

Duara_la_Lisbon (Lisbon)

Babu, hicho kipimo cha Capoferro ndicho kinachotufanya tusikae meza moja. Sheria ya Hispania ilikuwa bapa lisizidi robo tano za vara, kipimo chao cha urefu, yaani sentimita 104 hivi. Capoferro kwa mtu mrefu anapita hapo. Ala_Tupu akinunua ndefu ya Kiitaliano kisha akataka kujaribu duara, itamlemea.

Dada_Ncha (Padua)

Shikamoo babu. La koo nimelistahili, asante kwa kulisema.

Capoferro sina ugomvi naye. Nadhani ni kitabu cha pili, cha mwaka wa pili. Anayetoka kwa Giganti akimfungua Capoferro atakuta nyumba anayoifahamu, mikao inafanana, uzito uko mguu wa nyuma, mfyatuko ni uleule. Anayekwenda kwa Fabris au duara inabidi avunje miguu aliyojenga.

Babu_wa_Toronto (Toronto)

Marahaba binti. Hapo tumeelewana, isipokuwa neno "cha pili".

Ala_Tupu (Hamburg)

Wakuu, mmetutendea haki. Tumekaa na jamaa, tumekubaliana Giganti, upanga peke yake, jambia la mkono wa kushoto tusiliguse kwanza. Epe mbili za mitumba tumeahidiwa na klabu ya jirani. Kikinga koo tumeagiza leo, babu usiwe na wasiwasi.

Kuna kitu kimoja sikukitaja mwanzoni kwa sababu sikujua kama kina uzito. Mwenzangu ni mashoto.

Kamanda_Kaskazini (Copenhagen)

Kurasa zote hizi, ndiyo unasema sasa!

Epe254 (Nairobi)

😂😂 Pole dada Ncha, somo lote lianze upya.

Dada_Ncha (Padua)

Halianzi upya, linageuka. Watu wawili wa kulia, panga zikikutana ndani kwangu, ni ndani kwako pia. Mmoja akiwa mashoto, ndani kwako ni nje kwake. Kwa hiyo kwenye lile zoezi, wewe B ukiubana upanga wake kwa nje yako, yeye A yuko ndani kwake. Akipitisha ncha chini, anatokea ndani kwako lakini nje kwake, na mkao wako wa nne bado unafunga njia. Kinachobadilika ni lengo: kifua chake kiko upande mwingine, na utakachokikuta karibu ni mkono wake kwa upande wa nje. Vivyo hivyo kwako. Nje ya mkono, kuanzia kifundo mpaka kiwiko, ndipo mtakapoliwa wote wawili, kwa hiyo vaeni kinga za viwiko.

Kuna ubaya mmoja ambao inabidi muuzibe. Wewe utakuwa hodari kwa mashoto, na ukienda kwenye mashindano utakutana na watu wa kulia tupu na kujikuta mgeni. Muombe mmoja wa wale wa upanga mrefu awe A wako mara moja moja. Hahitaji kujua rapia. Anahitaji kujua kupitisha ncha chini na kutaka kukuchoma. Jamaa yako hana shida hiyo, dunia nzima ni watu wa kulia, yeye anafaidi tu.

Duara_la_Lisbon (Lisbon)

Nikumbushe tu kwamba duara halijali mkono. Pembe ni pembe. Basi, nimenyamaza.

Babu_wa_Toronto (Toronto)

Ala_Tupu, kabla hamjaagiza rapia, hilo la mashoto linaingia hadi kwenye mpini. Zile zenye vyuma vya kuzungukazunguka, kama zilizomo kwenye michoro ya Giganti na Capoferro, mara nyingi hazilingani pande mbili. Upande wa nje una pete nyingi za kulinda vidole, wa ndani chache. Ya mkono wa kulia akiishika mashoto, vidole viko wazi upande usiofaa. Mafundi wengi wa Ulaya na huku Amerika Kaskazini wanatengeneza ya kushoto ukiagiza, ila usubiri na pengine uongeze fedha.

Ala_Tupu (Hamburg)

Daah. Na ile ya kikombe, iliyofunikwa kama bakuli? Nimeona moja inauzwa hapa na mtu wa klabu, bapa sentimita 105.

Babu_wa_Toronto (Toronto)

Kikombe kinalingana pande zote, mkono wowote unaingia. Ni cha baadaye kidogo kuliko Giganti, wapenda historia watakusema, waache waseme. Pima kama bapa linapinda vizuri ukiibana ncha ukutani, angalia kama mpini unacheza, kisha mwambie jamaa aishike kwanza yeye kabla yako. Kama anaiuza pamoja na ala, usimlipie ala.

Ala_Tupu (Hamburg)

Naenda kuiona Alhamisi. Nikirudi nitaweka picha.